Mchumaji Juani, Mlaji Kivulini

Mchumia juani hulia kivulini. Methali hii mtoto hufunzwa kabla hajajua kuhesabu. Huandikwa kwenye kuta za skuli. Na kila yanapotungwa mashairi ya kupiga vita umaskini haikosi kupewa ubeti wake. Ni methali tamu kwa sauti na iliyokaa sawa kwa mizani. Ila katika visiwa vya Unguja na Pemba imekuwa ikisema uongo kwa muda mrefu. Mchumaji juani yupo, na mlaji kivulini yupo. Ni watu wawili.

Anayetaka kuwaona na ashuke pwani ya Paje au Jambiani, au Pemba upande wa Tumbe na Micheweni, siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali. Atawakuta wanawake wameinama katika maji ya magotini wakifunga vipande vya mwani kwa taitai, kamba baada ya kamba, kutoka kigingi hadi kigingi. Jua li utosini na chumvi i machoni. Baada ya wiki sita hivi watarudi kuvuna, watautwika mwani uliolowa hadi nchi kavu, watauanika, wataupindua, watauokoa na mvua. Na mzigo wa kilo saba au nane uliotoka baharini utabaki kilo moja tu ukishakauka. Ndipo utakapofika mizanini. Hapo atakuwapo mtu mwingine, amesimama kivulini, ambaye bei aliijua kabla hajaja. Yeye ndiye aisomaye mizani. Yeye ndiye asemaye huu una mchanga, huu haujakauka, huu leo hautakiwi. Kwa miaka mingi kilo hiyo moja imekuwa ikilipwa shilingi mia kadhaa. Kisha mwani huondoka kwa magunia kwenda viwanda vya ng'ambo, hukamuliwa ule ute uitwao karajinani, ute ufanyao dawa ya meno ishikane na aiskrimu isiachane maji yake, na huko hakuna tena mtu aliyeinama.

Mwanamke huyo akifungua redio jioni, akiwa mgongo unamuuma, huenda akasikia shairi linalomwarifu kwamba adui yake ni uvivu.

Hili ni la kushangaza zaidi litokapo kwa washairi, kwani hakuna watu walio wakali wa mizani kama wao. Mshororo ukizidi silabi moja, ukawa na kumi na saba badala ya kumi na sita, hoja huzuka barazani na mtungaji huitwa mwanagenzi. Mgogoro wa ushairi wa mapokeo na mashairi huru ulioanza miaka ya 1970 umekula wino mwingi, na wengine hadi leo hawajasalimiana vizuri kwa sababu yake. Lakini ile mizani nyingine, ya chuma, inayoning'inia kwenye kituo cha kununulia mwani, ni washairi wachache mno waliojali kuihesabu. Wanajua kupima neno. Kilo imewapita.

Sura ya mashairi hayo inajulikana. Beti za mwanzo humlilia umaskini kana kwamba ni jini au tufani. Beti za kati humtafuta mkosaji, na mkosaji hupatikana upesi: analala mchana, anacheza bao, anaoa bila hesabu, anazaa bila mpango, anapenda ngoma na harusi. Beti za mwisho humkabidhi jembe. Mtungaji hushukuriwa, hupigiwa makofi, na mgeni rasmi huomba apewe nakala. Hapana shaka mgeni rasmi hulipenda shairi kama hilo. Ndani yake hakuna ubeti unaomhusu.

Kosa limeanzia kwenye sarufi. Neno umaskini ni jina la hali, na hali haina mtenda. Mwalimu Nyerere alipotaja maadui watatu wa taifa, ujinga, umaskini na maradhi, alikuwa na sababu: nchi ilikuwa ndiyo kwanza ijitawale, na adui asiye na uso huwaunganisha watu. Mwenyewe hakuishia hapo. Mwaka 1967, katika Azimio la Arusha, neno unyonyaji lilitajwa waziwazi. Waliorithi maneno yake ndio waliochagua: wakaichukua orodha ya maadui watatu, na neno lile gumu wakaliacha lizeeke kabatini. Tangu hapo umaskini umekuwa kama mvua ya masika. Unakuja, unakaa, hauna mwenyewe.

Lakini Kiswahili kina kitenzi kufukarisha. Kitenzi hiki hakikubali kusimama peke yake. Mara tu kinapotamkwa kinauliza nani kamfukarisha nani, kwa njia gani, na alipata nini. Mfasiri yeyote aliyewahi kukaa na nyaraka za maendeleo anajua kwamba kitenzi hicho hakimo ndani yake. Kilichomo ni kupunguza umaskini, kama vile mpishi apunguzavyo chumvi katika mchuzi. Zanzibar ilikuwa na Mkakati wa Kukuza Uchumi na Kupunguza Umaskini, MKUZA, ulioanza katikati ya miaka ya 2000 na kutolewa kwa awamu tatu hadi 2020. Haukuwa waraka mbaya. Ulijali skuli, maji na hospitali, na baadhi ya hayo yalitendeka. Hata hivyo jina lake tu linaonyesha pa kuanzia: umaskini ni kitu kilichopo, kazi ni kukipunguza. Kilikujaje, hilo si swali la mkakati.

Tuhuma ya uvivu nayo ina historia, na yafaa isomwe na wale wanaoitia vina. Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed, ambaye hata mwaka haujatimia tangu mizinga ya Waingereza ilibomoe kasri na kumweka yeye kitini, alitia sahihi amri iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa katika Unguja na Pemba. Mtumwa hakuamka huru kesho yake. Alitakiwa aende mwenyewe kuudai uhuru wake. Fidia ilitolewa, naam, ila ilitolewa kwa bwana aliyepoteza mtumwa. Aliyepoteza umri wake mashambani hakutengewa fidia yoyote. Na amri hiyo hiyo ikamtaka aliyeachiwa huru aonyeshe kwamba ana makaazi na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Hana ardhi, hana mti, hana nyumba isiyokuwa juu ya shamba la mwingine. Na sheria inamuuliza anakaa wapi na anakula nini.

Ndipo maofisa wa kikoloni na wenye mashamba walipoanza kulalamika kwa sauti moja kwamba watu hawa ni wavivu, kwa kuwa hawakukimbilia kuchuma karafuu kwa ujira waliopangiwa. Miaka yote alipofanyishwa kazi bure, mtu huyo hakuitwa mvivu. Aliitwa hivyo siku alipouliza bei ya jasho lake. Mshairi wa leo atungaye beti za kuwakemea wavivu wa mashamba hajui kwamba anasoma kutoka kwenye jalada la ofisi ya mkoloni.

Karafuu yenyewe inatoa ushahidi mzuri kuliko hotuba yoyote. Tangu kimbunga cha 1872 kilipoing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyolibeba zao hili. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba yalitaifishwa na wananchi wakagawiwa eka tatu tatu. Lilikuwa jambo kubwa, na anayelidharau amesahau nani alikuwa na nini kabla yake. Lakini ardhi ilipogawiwa, bei haikugawiwa. Mwaka 1968 liliundwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, likawa mnunuzi pekee wa karafuu. Mwenye mti alikuwa na haki ya kuupanda, kuupalilia, kuukwea, kuchambua makonyo, kuanika juu ya majamvi na kupeleka gunia kituoni. Huko akaambiwa atapewa nini.

Miaka ya 1970 bei ya karafuu duniani ilipaa. Mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu hutiwa ndani ya sigara zao za kretek. Fedha ziliingia hazina kwa wingi usiopata kuonekana, na mkulima akapata sehemu ndogo mno ya fedha hizo. Haki isemwe: hazikuliwa zote. Majumba ya Michenzani yamesimama hadi leo, elimu ilitolewa bure, tiba ikatolewa bure. Ila mtu anaweza kukubali yote hayo na bado akauliza kwa nini hesabu ya majumba ya Mjini Unguja ilipwe na mgongo wa mkwezi wa Wete na Mkoani bila ya yeye kuulizwa. Aliyeona bei ya Mombasa ni nzuri zaidi, akapakia magunia yake chomboni usiku, hakuitwa mfanyabiashara. Aliitwa mla magendo, mhujumu wa taifa, na mashairi ya kumlaani yalitungwa pia.

Kisha miaka ya 1980 Indonesia ikapanda mikarafuu yake ikajitosheleza. Bei ikaporomoka. Mikarafuu ya Pemba ikaachwa ikazeeka, mingine ikakatwa kuni, vijana wakavuka bahari. Hapa pana jambo dogo ambalo wenye nadharia ya uvivu hawajawahi kulijibu. Mpemba huyo huyo, akifika Dar es Salaam akafungua duka, husifiwa kwa kuamka alfajiri na kufunga usiku wa manane, hata majirani zake hulalamika kwamba halali. Kwao ni mvivu, ugenini ni mchapakazi. Basi ile bahari ina dawa gani ya kumtoa mtu uvivu kwa safari ya siku moja?

Jibu lilikuja mwaka 2011. Serikali iliamua mkulima alipwe kiasi cha asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na bei ya karafuu ya daraja la kwanza ikapandishwa hadi shilingi 15,000 kwa kilo. Mikarafuu ilikuwa ile ile, tena imezeeka. Watu walikuwa wale wale. Hapakuwa na mtaala mpya wa maadili, hapakutungwa tenzi ya kuwatoa watu usingizini. Lakini karafuu zikamiminika vituoni, magendo yakapungua, na familia zilizokuwa zimelipa mashamba kisogo zikaanza kutafuta miche. Atakayesema kwamba mwaka huo bei ya dunia nayo ilikuwa juu, na kwamba doria ziliongezwa baharini, amesema kweli. Lakini bei ya dunia ilikuwa juu miaka ya 1970 pia, na doria zilikuwapo, tena kali zaidi. Kilichotofautiana ni fungu la mwenye mti.

Hata ushindi huo haukumfikia kila mtu. Mkwezi anayelipwa kwa pishi, asiye na mti wake, hakupanda kwa kasi ya bei. Na yupo yule ambaye shida humbana kabla ya msimu, mtoto mgonjwa au mchele umekwisha, akaziuza karafuu zingali mtini kwa mwenye fedha. Siku ya mavuno huzitazama zikianikwa kwenye jamvi la mwingine, wakati mwingine akizichuma yeye mwenyewe kwa kibarua. Mtu huyo hakukosa bidii wala shamba. Alikosa shilingi chache mwezi mmoja kabla. Anayetaka kujua ufukara huzaliwaje asiende mbali, aitazame miezi hiyo ya kabla ya msimu.

Wakubwa wa dunia nao wana mizani yao, na hiyo haipimi mwani wala karafuu, inapima watu. Mwaka 1990 Benki ya Dunia ilipiga mstari kwenye dola moja kwa siku: aliye chini yake ni maskini kupindukia. Mwaka 2008 mstari ukasogezwa hadi dola 1.25, mwaka 2015 ukawa 1.90, mwaka 2022 ukawa 2.15, na mwaka 2025 ukafika dola 3. Wataalamu wana sababu zao za kihesabu, na si sababu za ulaghai; bei hupanda na takwimu huboreshwa. Lakini fikra yake mwanamke wa Tumbe alale chini ya mstari au juu yake kwa jambo lililoamuliwa Washington usiku akiwa amelala, na asubuhi bei ya mwani wake iwe ile ile. Kuhesabiwa amehesabiwa sana. Hesabu ambayo hajaonyeshwa ni ya anayemnunulia.

Madhali chanzo kimeshasemwa ni yeye, dawa nayo hutengenezwa ya kumtibu yeye. Huitwa semina ya ujasiriamali. Mtu ambaye tangu ana miaka kumi na tano amepanga mapato na matumizi ya nyumba ya watu wanane kwa fedha isiyotosha watu watatu, hukalishwa kwenye kiti cha plastiki akafundishwa na kijana wa mjini namna ya kutunza fedha. Huelekezwa kuwa na fikra chanya. Hupewa kalamu, soda na posho, na kati ya vitu hivyo vitatu posho ndiyo yenye elimu ndani yake, kwa kuwa inaweza kununua kitu.

Baada ya semina huja mkopo. Mikopo midogo ilisifiwa dunia nzima. Muhammad Yunus wa Bangladesh na benki yake ya Grameen walipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2006. Lakini mwaka 2015 zilipochapishwa pamoja tafiti sita zilizofanywa Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco, matokeo yalikuwa ya wastani: mikopo ilimpa mtu nafasi ya kujipanga, haikubadili maisha yake kwa kiasi kilichoahidiwa. Asiyeshangaa ni yule anayeijua pwani. Hapa mkopo wa zamani kabisa wa mwani ni kamba na taitai zitolewazo na mnunuzi kwa sharti la kuuziwa yeye peke yake. Mkopo wa namna hiyo ni ndoana yenye chambo ndani, na samaki akitaka kuitema huambiwa hana shukurani.

Ama wale waogopao kwamba maskini akipewa fedha mkononi ataimwaga kwenye pombe na anasa, ile methali ya maskini akipata imewakaa rohoni kuliko wanavyokubali. Magharibi ya Kenya, wilaya ya Rarieda, familia maskini zilipewa fedha taslimu kati ya 2011 na 2013 bila sharti la matumizi, na wachunguzi wakafuatilia. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kwamba waliezeka mabati, walinunua mifugo, walikula vizuri zaidi. Matumizi ya pombe na sigara hayakuongezeka kwa namna ya kuonekana. Wenye fedha ndio waliotunga habari za maskini asiyejua fedha. Maskini ndiye azijuaye, shilingi moja moja, kwa majina.

Wapo pia wajibuo kwa dini, na jibu lao ni fupi: riziki mafungu saba, kila mja na fungu lake. Aliyeumba riziki hana lawama. Lakini aliyeshika pishi ni mwanadamu, na Kitabu chenyewe hakikumwacha. Miongoni mwa sura zake imo ya 83, Al-Mutaffifin, wapunjao, walio hodari wa kutimiza kipimo wanapopokea na kukipunguza wanapotoa. Sura imepewa jina la wapunjao. Hakuna sura iliyopewa jina la wavivu. Khatibu anayepanda mimbari kuwausia mafukara subira angelifanya insafu kuwausia pia, Ijumaa moja tu katika mwaka, wanunuzi.

Je, wavivu hawapo? Wapo, kila mtaa. Yupo pia mvivu mwenye nyumba tatu za kupangisha Mji Mkongwe, ambaye huamka saa nne, hunywa kahawa mpaka adhuhuri na hulala mpaka alasiri, na uvivu wake haujamfukarisha. Yeye huitwa mtu wa nafasi. Kama ugonjwa mmoja humuua huyu na kumnenepesha yule, tabibu mwenye akili angetafuta sababu nyingine.

Na zipo sababu nyingine ambazo hata mnunuzi wa mwani hakuzileta. Mwani mnene, ule wenye bei nzuri zaidi, umekuwa ukifa kwa joto la maji katika maeneo mengi tangu miaka ya 2000. Hulazimu kupandwa kina kirefu, panapotaka chombo na kujua kuogelea, na wanawake wengi wa pwani hawakupewa kimoja wala kingine. Joto hilo halikutoka katika majiko yao ya kuni. Huu nao ni ufukarishaji, na mtenda wake anakaa mbali sana, katika nchi zitumazo baadaye wataalamu wa kufundisha namna ya kustahimili.

Wanawake wenyewe hawakukaa kusubiri. Kilimo cha mwani kilipoanza kibiashara mwaka 1989, fedha yake, ndogo hivyo hivyo, iliwafanya wengi wao kwa mara ya kwanza wanunue kitanda, sare za skuli na hata kujenga chumba bila kuomba ruhusa ya mume. Wanaume wakalalamika, kisha wakanyamaza walipoiona faida. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 vikundi vimekuwa vikisaga mwani na kupika sabuni, na unga wake huuzwa kwa bei iliyo mara nyingi ya mwani mkavu. Ni kazi ya kupongezwa. Isigeuzwe tu kuwa jawabu la kila kitu, maana visiwa huvuna maelfu ya tani, na watalii wa Nungwi, hata wakioga mara tano kwa siku, hawawezi kuzimaliza.

Tangu 2020 limekuja neno uchumi wa buluu, na wizara yake ikaundwa. Zimetolewa boti, kamba na ahadi. Neno ni zuri na linaimbika. Washairi wameshalipokea, na vina vyake si vigumu. Kabla halijachakaa, yafaa liulizwe maswali ya kisarufi: ni nani anayeuchumi huo, bei inatangazwa na nani, lini, na kwa kalamu ya nani. Karafuu ilikwishaonyesha mwaka 2011 kwamba fungu la mchumaji ni jambo linaloweza kuamuliwa kwa kikao kimoja. Mwani haujapata kikao kama hicho. Bei ijulikane kabla ya kufungwa kamba ya kwanza, isiwe habari ya kushtukizwa siku ya kupima. Kamba na taitai zikopeshwe na mtu asiye mnunuzi. Wanunuzi wawe zaidi ya mmoja katika kila pwani, na wanawake wauze kwa pamoja badala ya mmoja mmoja aliyechoka. Ushirika, husemwa, ulikwishajaribiwa ukafa. Ulikufa mwingi, kweli, na mwingi uliuawa na viongozi walioteuliwa kutoka juu na daftari ambalo mwanachama hakulifungua. Kampuni ngapi zimekufa, na nani aliyesema biashara ijaribiwe tena baada ya miaka hamsini?

Mshairi naye ana ngwe yake ya kulima. Ajaribu msimu mmoja kutunga kuhusu umaskini bila ya kulitumia neno umaskini. Atumie kitenzi, na kila mahali kitenzi kinapodai mtenda, amtaje. Aende kituoni siku ya kupima, akae chini, asikilize. Anayeweza kusikia silabi ya kumi na saba kwa sikio tupu hashindwi kusikia gramu mia mbili zikipotea.

Na palepale kituoni, kando ya mizani ya mnunuzi, iwekwe mizani ya pili, mali ya wanawake wenyewe, isomwe na mmoja wao kwa sauti. Nje ya ofisi ya sheha utundikwe ubao wenye bei ya mwezi huo, ya kisiwani na ya bandarini, kwa tarakimu kubwa. Gharama yake ni mizani moja, ubao mmoja na chaki. Fedha ya semina moja ya siku mbili katika hoteli ya ufukweni, chai na vitafunio vikiwa ndani, inatosha kuvinunua kwa shehia kadhaa.